Kuosha Nini? Mama na Kiingereza cha Mtoto



Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Bukavu. Nilisomea ualimu ISP mpaka nikapata diploma, na sasa ni miaka mingi niko mbele ya ubao. Kila muhula unapoisha, wazazi wanakuja kuchukua buletini za watoto, na walio wengi ni ninyi mama. Hesabu tunazungumza, Kifaransa tunazungumza. Tukifika kwenye Kiingereza, mama anainamisha kichwa na kusema: "Hapo, mwalimu, mimi siwezi kumsaidia. Mimi najua Kiswahili tu."

Leo nataka tuzungumze juu ya hilo neno "tu". Ninawasikia mnalisema kana kwamba mnaomba msamaha, na mtoto aliye pembeni anasikia pia. Anajifunza kwamba mama yake hana la kumpa katika masomo.

Ninaelewa wasiwasi wenu. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba shule zake zifundishe kwa Kiingereza. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na dada zetu wanaokwenda Kampala kununua bidhaa wanarudi wakisema kwamba asiyejua Kiingereza anahesabiwa bei mara mbili. Kila mzazi anataka mtoto wake akijue. Lakini mtoto hafiki kwenye Kiingereza kwa kuruka juu ya lugha ya mama yake. Nitawaonyesha kwa kitenzi kimoja kidogo, kinachohusu kazi mnayoifanya kila siku: "wash up".

Mwaka uliopita niliwapa wanafunzi wa la pili kazi ya nyumbani, ile tunayoiita devuari. Walipaswa kueleza kwa Kiswahili maana ya "wash up" katika sentensi tano. Sehemu kubwa ya darasa walifanya kama watoto wanavyofanya: walifungua kamusi, wakaona "wash" ni kuosha, wakaona "up" ni juu, wakaandika "kuosha juu". Sentensi zote tano, kuosha juu.

Msichana mmoja tu alileta majibu yenye maana. Mama yake anauza sambaza sokoni Kadutu. Nilimwuliza nani amemsaidia. Akasema: "Mama. Lakini mama hajui Kiingereza."

Nilitaka kujua ilikuwaje, akanieleza. Alikuwa amekaa karibu na mama yake, ambaye alikuwa anasugua sufuria. Akasoma kwa sauti: "Kuosha juu." Mama akauliza bila kuinua kichwa: "Kuosha nini?" Mtoto akarudi kwenye sentensi kutafuta, akakuta sahani. Akasema, "Sahani." Mama akasema, "Basi ni kuosha vyombo, hiyo juu inatoka wapi?" Sentensi ya pili, mama akauliza tena: "Hapo wanaosha nini?" Mtoto akaona watu wanaokaribia meza ya chakula. Mama akasema, "Hao wananawa." Wakaenda hivyo mpaka ya tano.

Mama wapendwa, "Kuosha nini?" ndilo swali lenyewe. Nilikaa miaka kwenye masomo ya juu, na vitabu vya walimu wetu vinalisema hilohilo kwa maneno marefu: maana ya neno inategemea yaliyo pembeni yake. Mama wa sambaza alilijua kwa sababu Kiswahili chake kilimlazimisha kulijua.

Tazameni utajiri tulio nao. Vyombo tunaviosha. Nguo tunazifua, au kama tunavyosema huku kwetu, tunazifula. Mikono na uso tunanawa. Mwili mzima tunaoga, na mtoto mchanga tunamwogesha. Kinywa tunasukutua. Sahani iliyokwisha kupakwa sabuni tunaisuuza. Ukimwambia mtoto "nenda ufue mikono", atacheka. Mzungu wa Uingereza, kwake mikono, nguo, sahani na gari vyote vinaingia katika "wash" moja. Kifaransa nacho kina "laver" kwa mengi ya hayo, na Lingala ya Kinshasa ina "kosukola" kwa mikono, nguo na sahani pia. Kila lugha ina hekima yake, siwadharau. Ninachosema ni kwamba anayejua Kiswahili amekwisha kufundishwa kupanga. Kichwani mwake kuna beseni nyingi, na kila uchafu una beseni lake. Mtoto akiletewa "wash up" ya Kiingereza, kazi yake ni kuuliza tu: hii iende kwenye beseni gani?

Sasa tupitie maana zake, moja baada ya nyingine.

Maana ya kwanza ni ya Uingereza. Huko, "wash up" ni kuosha vyombo baada ya chakula. Mtu akisema "I'll wash up", amesema "mimi nitaosha vyombo", hata kama neno sahani halikutajwa. Hapo kuna mtego. Kwa Waingereza "the washing" ni nguo za kufua, na "the washing-up" ni vyombo vya kuosha. Silabi moja tu, na mtoto anapeleka mashati kwenye sufuria.

Katika maana hii kuna sarufi inayowasumbua sana wanafunzi. Kiingereza kinaruhusu "wash up the plates" na pia "wash the plates up". Lakini ukitaka kusema "zioshe", ni lazima useme "wash them up", yaani hilo neno dogo "them" liingie katikati. Watoto wanaona kama ni ajabu ya Wazungu. Ninawauliza: ninyi mnasemaje juu ya vyombo? Wanasema, "Ninaviosha." Hiyo "vi" iko wapi? Iko katikati ya kitenzi, imekaa kati ya "nina" na "osha". Basi msishangae Mwingereza akiweka yake katikati. Tangu nianze kufundisha hivyo, kosa hilo limepungua sana kwenye madaftari.

Katika maana hiyohiyo kuna jambo lingine nililoliona kwenye madaftari, na si la sarufi. Nikisema, "Tungeni sentensi yenye 'wash up'", karibu wote wanaandika "My mother washes up" au "My sister washes up". Wavulana kwa wasichana. Siku moja mvulana mmoja aliandika kwamba yeye na kaka yake wanaosha vyombo kila jioni. Alipoisoma, darasa zima likacheka. Hakuona haya. Akasema, "Mama anatoka saa kumi na moja asubuhi, anarudi usiku. Nani ataosha?"

Nikaandika ubaoni neno "anaosha". Nikawauliza: hiyo "a" ya mwanzo ni ya baba au ya mama? Wakatafuta, wakakosa. Kifaransa kina "il" na "elle", Kiingereza kina "he" na "she". Kiswahili chetu kina "a" tu. Anaosha baba, anaosha mama, anaosha kaka, anaosha dada, neno halibadiliki. Lugha yetu haikumtenga mtu katika kazi hiyo, tulitenga wenyewe. Na ninajua gharama yake. Kuna wasichana wanaofika darasani somo limekwisha kuanza, mikono bado inanuka sabuni, wakati kaka zao walikaa mstari wa mbele tangu mapema. Mwalimu anaona kuchelewa. Haoni vyombo.

Maana ya pili ni ya Marekani. Huko "wash up" ni kunawa mikono na uso, hasa kabla ya kula. Vyombo wana maneno mengine ya kuvisema. Tofauti hii inawagusa ndugu zetu wenyewe, maana familia nyingi za Kivu zilizopita kwenye makambi ya wakimbizi zimepelekwa kuishi Marekani. Mama mmoja wa hapa alinisimulia habari ya mjukuu wake. Msichana huyo alisoma Kiingereza katika kambi ya Nakivale, Uganda, ambako wanafuata Kiingereza cha Uingereza. Walipofika Marekani, jirani akawaalika chakula. Chakula kikawa tayari, jirani akasema kwa upole, "Wash up, everybody." Msichana akakunja mikono ya nguo, akaenda jikoni, akaanza kusugua sufuria za mwenye nyumba. Watu wakakaa mezani wakimngoja. Jirani aliona ni adabu ya ajabu. Bibi yake alicheka mpaka machozi, kisha akaniambia: "Mwalimu, yule mzungu angesema tu 'naweni', yangekwisha."

Alisema kweli. Kitenzi cha Marekani kinafanana kabisa na "kunawa" yetu. Ukimwambia mgeni "karibu unawe", huna haja ya kutaja mikono. Yeye mwenyewe anajua. "Wash up" ya Marekani ni hivyo hivyo, haidai kitu nyuma yake.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kunawa, nikumbushe neno moja la afya. Toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na ilifika hata Mwenga, huku kwetu. Wakati ule kila mlango ulikuwa na bidoni lenye robine. Mabidoni mengi yameondolewa, lakini kolera haikuondoka. Beseni moja linalozungushwa kwa wageni wote kabla ya bugali linapitisha uchafu wa wa kwanza kwa wa mwisho. Ni bora mtoto asimame na jagi, amimine maji juu ya mikono ya kila mmoja, na sabuni iwepo, watu wasugue kwa sekunde 20. Tarehe 15 Oktoba dunia inaadhimisha siku ya kunawa mikono. Mkiwa mnamimina, mwambieni mtoto aseme kwa Kiingereza. Amejifunza mawili kwa mara moja.

Maana ya tatu hatuifanyi sisi, inafanywa na maji. Kitu kikichukuliwa na mawimbi na kutupwa ukingoni, Waingereza na Wamarekani wote wanasema "it washed up". Nyinyi mnaokaa karibu na ziwa mnaona kila mvua kubwa inaponyesha: chupa za plastiki, kandambili, magome ya miti, vyote vimelala ufukoni. Katika Kiswahili hapa tunaacha kabisa habari ya kuosha. Tunasema ziwa limevitupa.

Kitenzi hiki kina ndugu yake, "wash away", maji yanapochukua kitu na kwenda nacho. Nilipoeleza hizo mbili darasani, sikutafuta mfano wa mbali. Mtoto mmoja alisema mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Bushushu." Darasa likanyamaza. Wote mnakumbuka Mei 2023, mvua iliyoshuka juu ya Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa, na nyumba zikaenda na wenyewe. Mito ilichukua, na ziwa likarudisha baadhi. Yule mtoto alikuwa na shangazi yake kule. Akaomba aandike sentensi yake ubaoni, akaiandika bila kosa hata moja. Hakuna aliyeongeza neno, nami sikuongeza. Kuna maneno ambayo mtoto hayajifunzi kwa kamusi. Ameyaishi kwanza, shule inampa jina lake tu.

Maana ya nne ndiyo inayoniuma. Mtu akisemwa kwamba ni "washed up", ni kwamba amekwisha. Mchezaji wa mpira ambaye miguu imechoka, mwimbaji ambaye hakuna anayemsikiliza tena. Ni neno la kudharau. Kiswahili cha pwani kina neno linalofanana nalo sana: husema msanii fulani amechuja. Mnajua kitenge kinachochuja. Unakinunua kinang'aa, unakifua mara ya kwanza, maji yanakuwa mekundu au ya bluu, na kitenge kinabaki kama kitambaa cha kupangusia. Lugha mbili zilizozaliwa mbali, na zote mbili zimemsema mtu aliyekwisha kwa neno la kuosha au kufua.

Neno hilo silisikii juu ya wachezaji tu. Ninalisikia midomoni mwa mama. Niliwaalika baadhi yenu kwenye darasa la jioni la kusoma na kuandika. Mmoja, ambaye hajafika hata miaka 40, alinijibu, "Dada, mimi nimekwisha. Acha nisomeshe watoto." Yeye huyo anahesabu faida ya makala gunia kwa gunia bila karatasi. Anajua lugha tatu. Anajua nani mtaani ana deni na nani ana njaa. Aliyekwisha ni yupi hapo?

Kitenge kinachojulikana kwa kuoshwa ni kile kinachobaki na rangi. Soko zima mnajua hivyo: wax ya kweli inapimwa kwenye maji. Ninyi mmekwisha kuoshwa na mambo mengi, vita, kuhama, kuzika, kuanza upya, na rangi bado ipo. Msijiite jina ambalo Kiingereza kinawapa watu wa kutupwa.

Sasa nije kwenye la kufanya nyumbani. Mtoto akileta devuari ya Kiingereza, usimfukuze kwa baba wala kwa jirani. Mwambie akae karibu nawe, hata kama mikono yako iko kwenye maji. Mwambie asome sentensi nzima, asisome neno moja. Kisha umwulize kwa Kiswahili.

La kwanza: nani anafanya? Ni mtu, au ni maji?

La pili: anafanya kwa kitu gani? Ni sahani, ni mikono, au hakuna kitu kilichotajwa?

La tatu: anayesema ni wa wapi? Kitabu ni cha Uingereza, au ni filamu ya Marekani?

La nne: sisi tungesemaje? Hapo mwache atafute neno la Kiswahili linalokaa vizuri. Akisema "kuosha juu", mwulize "hiyo juu inatoka wapi?" kama alivyofanya mama wa sambaza.

Maswali hayo manne hayahitaji hata neno moja la Kiingereza kutoka kwako. Na hayatumiki kwa "wash up" peke yake. Kiingereza kimejaa vitenzi vya namna hiyo, vyenye kijineno nyuma, "give up", "look after", "put off", na vyote vinamwangusha mtoto anayevivunja vipandevipande.

Ikiwa umemaliza kumsaidia mtoto na ukajisikia kutaka na wewe, usiogope. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Darasa la jioni bado liko wazi, viti vipo, na hakuna atakayekuuliza umri. Njoo na daftari na biki. Kama una vyombo vilivyobaki nyumbani, wapo wavulana.

Mbaki salama, na Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.